Masikio ya Mtumba

1

Watu wakiingia dukani kwangu huuliza bei kabla ya salamu, na mimi nimeshaacha kukasirika. Nawaonyesha kabati tu. Rafu ya juu kuna masikio mapya ya mashine kwenye visanduku vya bluu, milioni kumi na nne kwa pea, na katika miaka sita nimeuza pea mbili. Rafu ya chini kuna yale yanayoitwa "soko", laki mbili na nusu. Hayo hukuza kila kitu sawasawa, mtu, mbuzi na upepo, mpaka mvaaji anajiona amesimama katikati ya gulio. Rafu ya kati ndiyo inayonilisha. Hayo ni ya mtumba. Yalivaliwa na wazee wa nchi za mbali, wazee wakafa, watoto wao wakayatoa sadaka, na sisi tukayafungua kwenye belo kama tunavyofungua makoti. Laki nane. Yana akili, na mvaaji hachoki.

Mjini kwetu Kinyamadza karibu kila mwanamume aliyevuka miaka sitini aliwahi kufanya kazi kwenye viwanda vya mbao, kwa hiyo nusu ya wazee ni viziwi. Misumeno siku hizi inajiendesha yenyewe, haimhitaji mtu, lakini masikio iliyoyala haijayarudisha. Nimewavalisha watu mia tatu na kumi na wawili. Wananiita Daktari, na mimi ni fundi mpimaji tu, nimesoma miaka miwili. Nilikuwa nawasahihisha zamani, siku hizi naitika.

Jumatatu hiyo aliingia mwanamke ambaye hakuuliza bei.

"Kamwene, Daktari."

"Kamwene. Karibu ukae."

"Sitakaa. Naitwa Redempta Luvanda, natoka kule bonde la maparachichi. Masikio ya Mzee Kihwele uliyauza wewe?"

Mzee Kihwele ni mwenyekiti wa Baraza la Kata, mtu ambaye hata walevi humwamkia kwa adabu. Nilimwambia ndiyo, nilimvalisha mimi, miaka miwili sasa. Akafungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza yangu kwa kiganja.

"Soma hapo nilipopigia mstari."

Ilikuwa hukumu. Palipopigwa mstari paliandikwa: *Mlalamikaji hakutaja shahidi yeyote aliyeona mpaka ukiwekwa.*

"Niliwataja watatu," alisema. "Nilikaa kwenye benchi lile la akina mama, nikaanza saa nne kamili, nikamaliza saa tano kasorobo. Niliwataja kwa majina na kwa vitongoji vyao. Na mzee ananiitikia kwa kichwa, mm, mm. Shemeji yangu akasimama, dakika kumi tu, basi. Kila neno lake limo humo. Hata kikohozi chake nadhani kimeandikwa."

"Labda karani aliruka."

"Karani anaandika anachoambiwa, Daktari. Si unajua utaratibu wao? Sisi tukishasema tunatolewa nje, mwenyekiti anafupisha kwa mdomo, karani anaandika. Na nani pale ndani atamsahihisha Mzee Kihwele?"

Hakuna. Hilo nililijua bila kuambiwa. Wajumbe wengine wangekaa kimya, kila mmoja akidhani mzee ana sababu zake za kuacha.

Basi akanieleza shida yake yote akiwa amesimama vilevile. Eka moja na nusu ambayo shemeji alidai ni yake, miche mia na ishirini ya parachichi aliyoipanda na marehemu mumewe, mwaka huu ndiyo ilikuwa inaanza kuzaa. Siku arobaini za kukata rufaa zilikuwa zinaisha Ijumaa. Baada ya hapo shemeji angeingia na panga, na kisheria hakuna wa kumzuia.

"Kuna mlango mmoja tu," alisema. "Ile sheria ya mashine. Mtoa hukumu akivaa mashine yenye kasoro, kesi inasikilizwa upya palepale. Lakini cheti cha kasoro lazima kitoke kwa fundi aliyemvalisha. Yaani wewe."

Nilikijua cheti hicho. Wilaya ya jirani fundi mmoja alikiandika mwaka juzi. Wakaja watu wa wilayani na magunia, wakakusanya kila pea iliyotoka kwenye belo lile ili ikakaguliwe, na ukaguzi ukachukua miezi minane. Wazee wakakaa miezi minane wakitazamana midomo. Nilimtazama Redempta, nikawaza watu wangu mia tatu na kumi na wawili.

"Nitayapima," nilisema. "Zaidi ya hapo siahidi."

"Mimi simchukii yule mzee," alisema, anakunja karatasi yake. "Pale ndani hakuna mwenye heshima kama yeye. Nilipoanza kulia, wenzake walinikodolea macho kama wanaangalia mpira. Yeye peke yake aliinamisha uso."

2

Nilimpigia Mzee Kihwele nikamwambia aje Jumatano, kuna kusafishwa bure. Alikuja na mkewe, Mama Filotea, ambaye alikaa kwenye kiti cha pembeni, akatoa kikapu cha milulu alichokuwa anakisuka, akaendelea pale alipoishia. Mkono wake wa kushoto hakuuinua sana. Kikapu alikilaza magotini, akawa anasuka kwa ule wa kulia.

Mzee alisalimia akiangalia kabati la bei, si mimi. Siku zote nilimpenda kwa hilo. Ni wanaume wachache waliobaki wanaoweza kuongea na mwanamke bila kumpima kwa macho.

"Masikio yanakusumbua, mzee?"

"Ee?"

"Nauliza, masikio yanakusumbua?"

"Ongeza sauti kidogo, Daktari. Wewe tangu zamani unaongea kama unaungama."

Nikadhani ni nta. Nikamsafisha, nta haikuwepo. Nikamwingiza kwenye kibanda cha kupimia, nikampigia filimbi ndogo na kubwa, nikamsomeshea yale maneno ishirini ya kipimo ambayo yamerekodiwa na bwana mmoja mwenye sauti nzito. Alipata kumi na tisa. Kwa karatasi ya serikali, mzee yule alikuwa anasikia kunishinda mimi.

Ikabidi nifungue daftari la ndani la mashine.

Masikio haya hayakuzi sauti tu, yanachagua. Ubongo wa mtu mzima aliyeanza kupoteza usikivu huchoka upesi, kwa hiyo waliotengeneza walitaka mashine imbebee mzigo. Nyuma ya sikio kuna uzi mwembamba kama unywele unaohisi misuli ya macho. Ukimgeukia mtu, sauti yake inapanda papo hapo. Usipomgeukia, inashuka, na mashine inaandika kwenye daftari lake la ndani kwamba huyu si wa muhimu. Leo kidogo, kesho kidogo. Haimzimi, inamsogeza mbali tu, mpaka anakuwa kama redio ya jirani. Na daftari halifutiki bila kibali cha kiwandani, ambacho bei yake inakaribia ya pea mpya.

Nikubali kitu kimoja. Nilipokuwa naunganisha waya nilikuwa na jibu langu mfukoni. Nilitaka nikute mvaaji wa kwanza alikuwa tajiri mmoja mwenye dharau, mtu ambaye hakuwahi kumsikiliza mwanamke maishani mwake, na tabia yake imekuja kwetu kwenye belo pamoja na mashine. Lingekuwa kosa la mtu aliyekufa mbali. Ningelala.

Mvaaji wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke, wa mji fulani wa baridi. Miaka kumi na moja ya daftari lake, sauti za wanawake na watoto zilikuwa juu kabisa. Baadaye kulikuwa na miezi kumi na minne ya kimya, ya safari na belo. Halafu ikaanza ile siku niliyomvalisha Mzee Kihwele kwa mikono yangu, na kuanzia hapo mstari wa wanawake ulikuwa unateremka tu, wiki baada ya wiki, bila kupumzika.

Chini kabisa kulikuwa na sauti moja peke yake. Mashine haiandiki majina, inaandika sauti, saa na mahali. Sauti hii ilikuwa ya kila siku, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nyumbani. Ilikuwa imebaki asilimia saba.

"Ni mimi huyo?" aliuliza Mama Filotea.

Sikujua kama alikuwa anaona kioo cha kompyuta yangu kutoka pale. Alikuwa hajaacha kusuka.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Ila nilidhani amenichoka tu. Wanaume wakizeeka huwa hivyo."

Mzee alikuwa amekaa katikati yetu, anatabasamu kistaarabu kuelekea kwenye kabati.

"Kihwele," mkewe alimwita, bila kupandisha sauti, kama mtu anayefanya jambo alilokwisha kulifanya mara nyingi. "Nyumba inaungua."

Mzee akaendelea kusoma bei.

Sikuelewa. Mtu mwenye adabu zote hizi, imekuwaje mashine ijifunze kwake kitu kama hicho? Nikainua macho, nikakutana na kadi yangu ukutani, ile ninayompa kila mteja, yenye maelekezo sita niliyoyatafsiri mwenyewe. Usilale nayo. Usioge nayo. Badilisha betri kila mwezi. Nikakumbuka kwamba kwenye kitabu cha kiwandani maelekezo yalikuwa saba.

La nne lilisema: *Mtazame usoni kila unayetaka kumsikia, hasa katika wiki sita za mwanzo.*

Nilikumbuka hata siku yenyewe. Kalamu mkononi, chai inapoa. Nilijaribu kujiona namwambia Mzee fulani amkazie macho mkwe wake usoni wiki sita mfululizo, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasema wazungu hawa bwana, hawana adabu. Nikaliruka, nikaandika la tano.

Kwetu mzee anayejiheshimu haangalii mwanamke wa watu usoni akiongea, anaangalia chini na kusikiliza. Mkwe ndiyo kabisa. Na mke uliyeishi naye miaka arobaini na sita, humwangalii, maana unamjua. Wanaume wote niliowavalisha walikuwa wamefunzwa hivyo na mama zao, na mimi ndiye niliyewapeleka kwenye mashine hiyo wakiwa hawajaambiwa.

3

Nilimvua masikio yake, nikamvalisha ya soko ili atusikie wote. Alishtuka, akashika meza.

"Nini hicho?"

"Feni, mzee."

"Na hicho?"

"Msumeno wa kule chini. Na huyo ni mama, anasuka."

Akageuka kuangalia vidole vya mkewe kana kwamba havijawahi kupiga kelele. Nikamweleza yote taratibu, bila kumficha, na la kadi nikalisema pia. Alinisikiliza macho yakiwa sakafuni.

"Unaniambia nilipaswa kuwakodolea macho?"

"Ndivyo mashine ilivyotaka."

"Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo kuliko hiki kiti. Mwanamke akilia mbele yako, angalia chini, umwachie heshima yake."

"Najua, mzee. Mashine haijui. Inaona umeangalia chini, inasema huyu hamtaki."

"Yule mjane," alisema. "Luvanda. Alilia."

"Daftari linaonyesha saa nne na dakika kumi na saba sauti yake ilishuka, haikupanda tena mpaka alipotoka."

"Mimi nilidhani amemaliza kueleza, anaomboleza tu. Nikawa namwitikia kumpa moyo." Akajifuta uso kwa kiganja kisicho na kidole gumba, kidole alichokiacha kiwandani. "Mungu wangu. Nilikuwa namwitikia."

Nikamtolea pea za zile rafu tatu mezani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Mapya yanakuja na daftari tupu, na fundi wa kampuni atamfuata nyumbani mara nne mwaka wa kwanza kuyarekebisha.

"Milioni kumi na nne," alisema. "Nitauza nini? Nimuuze Filotea?"

"Hupati hata nusu," mkewe alimjibu. Mzee akacheka, halafu akanyamaza ghafla, nadhani alikuwa amesahau kwamba mkewe ni mtu wa utani.

Nikamwambia haya ya soko ni bei ya chini na hayana upendeleo, anasikia kila mtu sawa. Lakini alikuwa ameyavaa robo saa tu na jasho lilishamtoka kwenye paji la uso. Baraza hukaa kwa muda wa saa sita. Aliniuliza kama sisi wenye masikio mazima tunasikia hivyo siku zote, zogo lote hili. Nikamwambia hapana, sisi tunachagua wenyewe, ila hatujijui.

"Na haya yangu?"

"Haya ubaki nayo, uwatazame watu. Ukimtazama mtu anapanda palepale. Ukizoea wiki sita, daftari lenyewe litaanza kugeuka."

"Nikae pale mbele nimkazie macho binti wa watu analia."

"Ndiyo, mzee."

Alikuna kidevu. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na cheti utaandika?"

Nikaanza kuyarudisha mapya kwenye kisanduku chake.

"Sikutishi, Daktari. Nahesabu tu. Miaka miwili nimekata kesi mia na arobaini. Ukiandika, zote zitataka kufufuka. Na wale wazee wako mia tatu wavuliwe masikio. Wengine wanaishi peke yao, wasisikie hata mlango." Alikuwa anasema kweli, na sauti yake haikuwa na hila hata kidogo. "Mimi nimechoka. Wewe je?"

"Nimechoka, mzee."

"Nyinyi mmechoka kusikiliza," alisema Mama Filotea. "Mimi nimechoka kusema."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anakata uzi wa milulu kwa meno. Lakini yale ya soko hayabagui, na mumewe alilisikia neno zima. Kisha akavua masikio ya soko, akayaweka mezani kwa uangalifu, akavaa ya kwake, akachukua kofia. Wakaondoka, yeye mbele na mkewe nyuma.

4

Alhamisi sikufungua duka. Nilikaa ndani na fomu ya cheti, na kikombe cha chai, na kile kitabu cha kiwandani.

Fomu ina kisanduku cha aina ya kasoro. Cha kwanza: *kasoro ya mashine*. Ukitia alama hapo, magunia yanakuja, watu mia tatu wanarudi kwenye ukimya, na fundi anabaki msafi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiwaza tangu Jumatatu, na ndicho nilichokuwa najiambia kinanizuia. Niliwahurumia sana wazee wangu siku hizo tatu. Niliwahurumia mpaka nikajiona mtu mwema.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na kisanduku cha tano: *kasoro ya maelekezo ya fundi*. Ukitia alama hapo, kesi inasikilizwa upya vilevile, na hakuna anayevuliwa kitu. Mashine ni nzima. Anayeitwa wilayani ni fundi, na leseni yake anaenda nayo mkononi.

Nilikuwa nimekiona kisanduku hicho tangu mwanzo. Niseme ukweli, nilikuwa nimekiona Jumatano ileile, mzee akiwa hajafika hata kona. Nina miaka hamsini na mmoja, sina kazi nyingine ninayoijua, na chumba cha nyuma cha duka hilo ndiyo nyumba yangu. Wale watu mia tatu nilikuwa nimewasimamisha mbele yangu kama ukuta ili nisijione mimi.

Nikatia alama. Kwenye maelezo nikaandika lile agizo la nne lote kama lilivyo, na chini yake: *Fundi aliliacha kwa kuona si adabu.* Nikasoma mara mbili. Lilionekana jambo dogo sana.

Ijumaa saa tatu nilimkabidhi Redempta cheti mlangoni pa ofisi ya kata. Alikisoma, akaniangalia, akataka kusema kitu.

"Ingia tu," nilimwambia. "Muda unakwenda."

Chumba cha baraza kilijaa kuliko kawaida. Katibu alisoma cheti changu kwa sauti, pamoja na sababu, na nyuma kule mzee mmoja niliyemvalisha mwezi wa tatu akacheka kwa nguvu, "Hee! Kumbe!" Wengine hawakucheka. Wanawake kwenye benchi lao walitazamana. Mama Filotea alikuwa mwisho wa benchi, na kikapu chake.

Mzee Kihwele alikuwa mezani na masikio yaleyale ya mtumba. Alimwuliza shemeji wa Redempta kama ana pingamizi, shemeji akasema analo, mzee akamwambia ataliandika ila sheria ni sheria. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona pale. Aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akazunguka meza, akakiweka hatua tatu mbele ya benchi la akina mama, akakaa, akainua uso.

Redempta alikuwa amesimama tayari. Akavuta kitenge chake mpaka mdomoni.

"Endelea, mwanangu."

"Mzee... unanitazama."

"Nakutazama. Unisamehe." Mikono aliibana katikati ya magoti kwa aibu. Wajumbe wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. "Nikiinamisha macho nitakupoteza. Sema yote kama ulivyosema siku ile."

Alisema yote. Mwanzoni alimwambia ukuta, kisha bega la mzee, na mwisho wakawa wanaangaliana kama watu wanaosaidiana kupitisha mzigo mzito mlangoni. Alipofika kwenye kifo cha mumewe alilia, kama siku ile, na niliona kidevu cha mzee kinaanza kushuka kwa mazoea ya miaka sabini. Kilishuka kidogo. Akakirudisha. Akabaki hivyo mpaka mwisho, macho yake nayo yamelowa, na hakuyafuta maana kuyafuta kungekuwa kuyafumba.

Hakumtoa nje mtu yeyote. Alifupisha palepale, mbele ya wote.

"Karani, andika. Mlalamikaji ametaja mashahidi watatu. Yordani Mtavilalo wa Kilimani. Bi Osmunda Nziku wa Mtoni. Na Kastori, mchimba visima, wa palepale bondeni. Waitwe Jumanne. Mpaka hapo, mti hata mmoja usiguswe." Akamgeukia Redempta. "Ni hao?"

"Ni hao, mzee."

"Nimesahau mtu?"

"Hujasahau."

Redempta alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akaweka kichwa kwenye bega la mwanamke aliyekuwa jirani yake.

Nilitoka kabla watu hawajaanza kuniuliza maswali. Barua ya wilayani ingekuja wiki ijayo au ile nyingine. Kabla haijaja nilikuwa na nyumba mia tatu na kumi na moja za kupita na kadi mpya, nyingine huko juu kabisa kwenye misitu, na viatu vyangu vilikuwa vibovu. Nilikaa kwenye ukingo wa ngazi za ofisi kupanga nianze na upande gani.

Ndipo walipotoka wao wawili. Mzee alitembea mbele, kama siku zote. Kwenye ngazi ya mwisho Mama Filotea alimshika mkono wa koti, akamgeuza.

"Haya. Na mimi sasa. Niangalie."

"Hapa? Filotea, watu wanatuona."

"Waache waone. Nina ya miaka miwili."

Mzee alitazama huku na huku. Aliniona mimi, akaona hakuna msaada. Akavua kofia, akainua macho kwa mkewe, na nadhani ilimchukua nguvu kuliko kule ndani.

"Mwaka jana, mwezi wa nane," alianza Mama Filotea, "nilikuambia jikoni kwamba naenda hospitali, wanataka kunikata uvimbe hapa." Akagusa chini ya kwapa la kushoto. "Ukaniitikia. Ukasema sawa, ukirudi upitie chumvi."

Watu walikuwa wanatupita kwenye ngazi, wanashuka.

"Nilileta chumvi," alisema mkewe.

Niliona kichwa cha mzee kinataka kuinama, mwili mzima unataka kumwachia huyu naye heshima yake. Hakikuinama.

"Uvimbe gani?" aliuliza.